Mashavu na Majivu Yaliyolala

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, sijasikia!

Pakawa!

Palikuwa na zimwi?

Lilikuwepo!

Palikuwa na watu?

Walikuwepo!

Palikuwa na wivu?

Hee! Hapo mmenyamaza wote. Basi nawaambia mimi: wivu ulikuwepo, tena mkubwa kuliko hilo zimwi.

Haya, sogeeni mkekani, lakini si karibu na jiko. Nimesema si karibu na jiko! Wewe, kunja mguu. Na wewe mwenye pengo, usijifiche nyuma ya mwenzio, nakuona. Leo alasiri kiberiti changu kimeondoka juu ya kabati la vyombo, kikaenda zake, na kiberiti hakina miguu. Simtaji mtu. Nasimulia tu.

Zamani, kabla ya viberiti kujulikana, kulikuwa na kijiji kikiitwa Kwamtondo. Katika kijiji hicho moto haukuzimwa. Ulilazwa. Jioni, chakula kikishaiva, mama alikusanya makaa katikati ya mafiga matatu, akayafunika kwa majivu, akasema, "Lala, moto." Asubuhi aliyafukua kwa kijiti, akapuliza, akasema, "Amka, moto."

Na kama moto wa nyumba umekufa, mtu alichukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa moja. Kigae mnakijua? Kipande cha chungu kilichovunjika. Hakishiki moto, ndiyo maana moto ukabebwa humo.

Lakini kigae hakikuwa cha kila mtu. Mtoto alipimwa kwanza. Alisimama wima mbele ya mama yake, akapitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Akiligusa, alipewa kigae chake mwenyewe, na tangu siku hiyo akaruhusiwa kulaza moto na kuamsha moto. Asipoligusa, alikaa mbali na mafiga.

Naona mnajipima. Jipimeni, lakini kimyakimya.

Basi, alikuwako mama mmoja akiitwa Bi Kazija. Mumewe alikuwa mkwezi wa minazi, kila kukicha yuko juu. Walikuwa na watoto watatu: Siwatu, msichana mkubwa, Mashavu, wa kati, na Kombo, mtoto mchanga, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na paa la makuti.

Siku moja Bi Kazija akamsimamisha Siwatu uani. Siwatu akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikagusa sikio! Majirani wakapiga vigelegele, na mama akamtolea kigae chekundu chenye nakshi ukingoni, kilichotoka kwenye chungu cha marehemu bibi yao.

Mashavu naye akasimama wima. Akapitisha mkono. Vidole vikaishia utosini. Akavuta, akavuta, akavuta, shingo ikapinda, ulimi ukamtoka nje.

Mama akamwambia, "Ngoja, mwanangu. Mkono bado."

Basi hapo ndipo wivu ulipoingia. Mashavu alikuwa hajawahi kumwonea dada yake wivu kabla ya siku ile. Walilala mkeka mmoja, wakala sahani moja. Sasa kila jioni akamsikia Siwatu akisema, "Lala, moto," kwa sauti ya watu wazima, na moyo ukamuuma. Kila asubuhi akamsikia akisema, "Amka, moto," na moyo ukamuuma zaidi. Jirani akipita anasema, "Siwatu siku hizi mtu mzima!" Hakuna anayesema, "Na Mashavu je?"

Akaanza vituko. Uji wa dada akisema una moshi, na moshi haumo. Akificha kijiti cha kufukulia majivu. Baba akileta dafu akampa Siwatu kwanza, Mashavu alisema hana kiu, akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Msimcheke. Mimi mwenyewe nikiwa kama nyinyi nilimwonea dada yangu wivu hata wali wa nazi ukanishinda kumeza. Wivu unauma kweli. Sikatai.

Kila siku tatu, Mashavu akaenda kwa mama yake kujipima. Na kila mara mama akamwambia, "Ngoja, mwanangu. Mkono bado."

Sasa sikilizeni. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na migomba, na nyuma ya migomba kulikuwa na bonde la tope, na katika bonde lile lilikaa zimwi. Manyoya mwili mzima, makavu kama makumbi ya nazi. Zimwi hili halikuwa na moto. Lilikula kila kitu kibichi. Muhogo mbichi, boga bichi, kuku na manyoya yake. Na kila jioni harufu ya vyakula vya watu ikashuka bondeni, samaki wa kuchoma, ndizi za kuchoma, na zimwi likanusa na kuona wivu.

Likaimba:

"Wao wanakula cha moto,
mimi nala cha baridi.
Wao wanalala na joto,
mimi nalala na baridi.
Wivu waniuma, waniuma, waniuma!"

Kwa nini halikuja kuuiba huo moto? Kwa sababu zimwi haliwezi kuchukua moto wa watu. Likiugusa lenyewe, unazimika papo hapo. Ni lazima lipewe kwa mkono wa mtu wa nyumba hiyo. Na ni nani atakayelipa zimwi moto?

Basi siku moja Mashavu yuko migombani analia, zimwi likamsikia. Likanusa hewa. Lilijua harufu ya wivu, maana ni harufu yake lenyewe.

Likatoa kichwa kati ya migomba, likalainisha sauti. "Mashavu, Mashavu, kinachokuliza nini?"

Mashavu akashtuka, lakini hakukimbia. Aliye na wivu hukaa kusikiliza. "Dada yangu ana kigae. Mimi sina. Mkono wangu mfupi."

"Ahaa! Mkono mfupi! Hilo tu? Mimi nina mafuta ya kurefusha mkono. Nikikupaka mara tatu, utagusa sikio."

"Utanipa?"

"Nitakupa. Nawe utanipa kitu kidogo tu. Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya kusugulia meno yangu. Si unaona yalivyo?"

Mashavu akayaona, na kweli yalihitaji kusuguliwa. Basi akangoja Siwatu alipotoka, akaingia jikoni, akateka konzi ya majivu ya juu, yaliyopoa kabisa, akalipelekea zimwi. Zimwi likampaka mafuta kwenye mkono wa kulia. Mkono ukawasha, ukanyooka. Mashavu akajipima. Vidole vikapita utosi!

Siku ya pili akarudi. Zimwi likasema, "Ya jana yalikuwa baridi mno. Leo nataka ya katikati."

Mashavu akaenda, akateka majivu ya katikati. Yalikuwa na uvuguvugu, kama uji uliosahaulika. Zimwi likayashika, likatetemeka kwa raha. Likampaka mafuta. Mashavu akajipima. Vidole vikafika juu ya sikio, bado unywele mmoja!

Jioni hiyo Siwatu akamwambia, "Mashavu, mbona mkono wako mmoja umekuwa mrefu?"

Mashavu akajibu, "Unanionea wivu tu."

Mnasikia hayo? Yeye mwenye wivu ndiye anayewaambia wenzake wana wivu. Ndivyo tulivyo.

Siku ya tatu ikafika. Baba alikuwa juu ya mnazi, mama alikuwa shambani. Siwatu akachukua mtungi akasema, "Naenda kisimani, sikawii. Kombo amelala kitandani. Usiguse mafiga, mdogo wangu."

"Sigusi," akasema Mashavu.

Mtungi haujapita kona, Mashavu yuko migombani.

Zimwi lilikuwa likimngoja, mate yanalidondoka. Likasema, "Leo nataka majivu ya chini kabisa, yaliyo katikati ya mafiga."

Mashavu akasita. "Ya chini ndiko unakolala moto. Mama kanikataza moto."

"Yanawaka?"

"Hayawaki."

"Yanatoa moshi?"

"Hayatoi moshi."

"Yana rangi gani?"

"Rangi ya majivu."

"Basi ni majivu. Mama yako kakukataza moto. Je, kakukataza majivu?"

Mashavu akafikiri. Akalifikiria lile sikio lake, bado unywele mmoja. Akamfikiria dada yake anavyosema, "Lala, moto." Akajibu, "Hakunikataza majivu."

Akaenda jikoni. Kigae chekundu cha Siwatu kilikuwa kimetundikwa ukutani. Angekichukua kile, labda nisingekuwa na hadithi jioni hii. Lakini Mashavu alikitazama kwa jicho la wivu akasema, "Chake sikitaki!" Akachukua kikapu cha ukindu.

Kikapu cha ukindu, wajukuu zangu! Akachimba majivu mpaka chini, akayajaza kikapuni. Yalikuwa ya kijivu, kimya kabisa, na makaa matatu yamelala ndani yake hayaonekani. Akazunguka nyuma ya nyumba mbio, akalikabidhi zimwi kwa mkono wake mwenyewe.

Zimwi likampaka mafuta mara ya tatu. Mkono ukanyooka, Mashavu akaupitisha juu ya kichwa. Akagusa sikio! Akaruka, akacheka, akakimbia ndani kumwonyesha Kombo, maana hakuna mwingine wa kumwonyesha. "Kombo, amka uone! Nimegusa! Nimegusa! Nimegusa!"

Na zimwi je? Zimwi likaegemea ukuta wa nyuma, chini ya makuti, likakumbatia kikapu kifuani. Kwanza likahisi joto, likacheka. Kisha likakumbuka jinsi watu wanavyofanya, likainamisha mdomo, likapuliza.

Puu! Makaa yakafumbua macho.

Puu! Kikapu kikashika.

Puu! Manyoya yakashika.

"Mama weee!" Zimwi lilikuwa halijawahi kumiliki moto maishani mwake, halikujua kwamba moto haukumbatiwi. Likakirusha kikapu juu, kikaangukia paa la makuti, nalo likatimka bondeni huku linafuka.

Makuti makavu mnayajua. Hayangoji kuambiwa mara mbili.

Mashavu akasikia juu yake tata, tata, tata, kama mvua, lakini haikuwa mvua. Akainua macho akaona wekundu. Akajua. Na kitu cha kwanza alichofikiri si moto. Alifikiri, "Mama atanichapa."

Basi akambeba Kombo, akaingia naye chini ya kitanda, akajikunja.

Semeni nyinyi: chini ya kitanda ni mahali pa kukimbilia moto? Hapana. Moto unaingia chini ya kitanda. Moshi unaingia chini ya kitanda. Kitu pekee kisichoweza kukuona chini ya kitanda ni mtu anayekuja kukuokoa.

Siwatu akatoka kisimani, akaona moshi. Mtungi ukamponyoka, ukavunjika. Akakimbia hadi mlangoni akaita, "Mashavu! Uko wapi? Umefanya nini?"

Mashavu akasikia "umefanya nini," akanyamaza.

Siwatu akaita mara ya pili, "Mashavu! Toka! Leo mama atakuua!"

Mashavu akasikia "atakuua," akasogea ukutani zaidi. Kombo akaanza kukohoa.

Siwatu alilia. Alijua kwamba akiingia akisimama hatafika hata nusu ya chumba, moshi ulikuwa umejaa kuanzia kifuani kwenda juu. Basi akalala kifudifudi kizingitini, pale chini penye hewa, akaita mara ya tatu, taratibu. "Mashavu, mdogo wangu. Sikugombi. Mama hakugombi. Nyumba itajengwa. Nipe sauti tu."

Hapo Mashavu akajibu. "Niko huku, Dada. Chini ya kitanda."

"Kombo yuko wapi?"

"Ninaye."

"Usisimame, Mashavu! Moshi uko juu, hewa iko chini. Tambaa kama Kombo anavyotambaa. Macho yakiwasha, yafumbe ufuate sauti yangu. Nipe mkono."

Mashavu akamkumbatia Kombo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule wa mafuta ya zimwi, akaunyoosha. Ukatoka chini ya kitanda. Akaunyoosha, ukapita mkeka. Akaunyoosha, ukafika kizingitini! Siwatu akaudaka, akavuta, na Mashavu akatambaa, wakatoka wote watatu uani.

Wakitoka, cheche ikaangukia kanga ya Mashavu, pindo likawaka. Mashavu akataka kukimbia.

"Usikimbie!" Siwatu akapiga kelele. "Simama! Lala! Bingirika!"

Mashavu akasimama. Akalala. Akabingirika mchangani, huku na huku, mpaka pindo likazimika. Wakaenda mbali, mpaka kwenye uzio. Wakapiga ukelele, "Moto! Moto! Moto!"

Sasa subirini, bado. Siwatu alikuwa amefanya yote kama mtu mzima, sivyo? Lakini alipogeuka kuitazama nyumba akakumbuka kitu. "Kigae changu!" Akaanza kurudi mbio mlangoni.

Mashavu alimwona anavyokimbia. Na ukweli usemwe, wivu wake ulikuwa bado haujafa. Kwa kitambo cha kupepesa jicho akaona itakavyokuwa: hakuna Siwatu, hakuna kigae chekundu, hakuna "Lala, moto." Akaona na mkeka wao, upande mmoja mtupu. Akaogopa hayo kuliko alivyouogopa moto.

Akanyoosha ule mkono mrefu, akamshika dada yake kiunoni.

"Niache, Mashavu! Kigae cha bibi!"

"Sikuachi! Kigae ni udongo, Dada. Wewe si udongo."

Siwatu akafurukuta, Mashavu akashikilia. Na papo hapo paa likaporomoka, pale pale mlangoni.

Baba alikuwa ameuona moshi kutoka juu ya mnazi, akaita kwa sauti iliyosikika hadi kijiji cha pili. Watu wakaja na mchanga, na magunia yaliyoloweshwa, na ndoo za maji. Nyumba hawakuiwahi. Waliziokoa nyumba za jirani.

Bi Kazija akafika anahema, jembe begani. Hakuuliza nyumba. Alishika vichwa vya watoto wake, kimoja, cha pili, cha tatu, akakaa chini. Alipopata pumzi akauona mkono wa Mashavu. Ulikuwa unaburutika mchangani kama kamba ya kisima.

Akauliza, "Nani katoa moto jikoni?"

Mashavu akasema, "Ni zimwi." Mkono ukabaki vilevile.

Mama akauliza mara ya pili, "Nani katoa moto jikoni?"

"Ni zimwi, lakini mimi ndiye niliyelipelekea majivu." Mkono ukarudi mpaka gotini.

Mama akauliza mara ya tatu, "Mashavu, mwanangu. Nani?"

Mashavu akalia. "Ni mimi, Mama. Nilimwonea Dada wivu. Nilitaka na mimi mniite mtu mzima." Na mkono ukajikunja, ukarudi mahali pake, mkono mdogo wa mtoto, unaoishia utosini.

Bi Kazija hakumpiga. Siwatu alikuwa ameshaahidi, na ahadi ya mtoto mkubwa mama aliiheshimu. Alisema tu, "Kosa ni letu pia. Tulipima mkono, hatukupima mtu."

Asubuhi yake, majivu ya nyumba yalipopoa kabisa na baba akayamwagia maji mara tatu, wakakikuta kigae chekundu. Kizima. Kimeingia masizi tu. Siwatu akakitazama, akajikumbuka alivyotaka kukifuata, akainamisha uso.

Tangu siku ile Kwamtondo hawakupima tena mikono. Mtoto aliulizwa maswali matatu. Haya, nayauliza na nyinyi, jibuni kwa nguvu, mpaka jirani asikie!

Majivu yaliyolala yana nini ndani?

Moto!

Nyumba ikiwaka, unajificha wapi?

Sijifichi! Natambaa, natoka, naita!

Kitu chako kikibaki ndani, unarudi?

Sirudi!

Aa, wewe wa huko mwisho umechelewa. Tena. Kitu chako kikibaki ndani, unarudi?

Sirudi!

Vizuri.

Masika mawili yakapita. Nyumba mpya ikasimama, nayo jiko lake likajengwa kando, mbali na makuti. Siku moja Mashavu akaulizwa yale maswali, akajibu yote bila kukwama, tena akaongeza la nne lake mwenyewe: "Na moto hata ukilala sio mchezo wangu." Majirani wakapiga vigelegele. Mama akainuka kumtafutia kigae.

Siwatu akasema, "Mama, kaa." Akakichukua kigae chake chekundu, chenye nakshi, cha chungu cha bibi. Akakigonga kwenye figa, ko! Kikakatika vipande viwili. Akampa Mashavu kimoja.

Kigae kikivunjika hakiharibiki. Kinakuwa vigae viwili.

Jioni hiyo walichutama pamoja mbele ya mafiga, mama yao amesimama nyuma yao, wakasema kwa sauti moja, "Lala, moto." Na huko bondeni, zimwi limelala kwenye tope kupoza mgongo, manyoya hayajaota mpaka leo. Bado linakula mbichi. Bado linanusa. Likisikia mtoto ananung'unika kwamba mwenzake anapendwa zaidi, linatoa kichwa migombani. Lakini mtoto akienda kumwambia mama yake, "Mama, naona wivu," basi zimwi linarudi chini, halina la kufanya.

Hadithi yangu imeishia hapo. Yangu mimi, yenu inaanza mkiinuka mkekani. Mafunzo yake hayana mafumbo: moto na kiberiti ni kazi ya mkubwa, au ya mtoto aliyefundishwa, na mkubwa yuko karibu. Nyumba ikiwaka usijifiche, toka uite, wala usirudi. Na ukiona wivu, useme, kabla haujachukua kikapu.

Sasa nafumba macho. Najua tangu juzi nilipomwachia mwenzenu kazi ya kuwasha taa, kuna mtu hajala vizuri. Sikugombi. Kesho nitakuita, nikushike mkono, tuwashe pamoja. Leo nataka kusikia kitu kimoja tu kikiwekwa kiganjani mwangu.

Ee. Hicho hapo. Na njiti zote zimo, nazisikia.

Nafumbua macho. Jina silitaji. Haya, inukeni mkanawe, chakula kimeiva.